Mkono wa Kushoto wa Hana

Kizota, Dodoma
Jumatano, 11 Desemba 2024

Kaka Stanley,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakuuliza hali yako, na ya wifi Evelina na goti lake, na watoto, na mbuzi, na mvua. Nasikia huko kwenu imenyesha mara mbili na watu wameshapanda uwele. Huku mjini imenyesha mara moja, ikaishia kwenye mabati. Mimi ni mzima. Hana naye ni mzima, ameongezeka mashavu kidogo, na sasa hivi amekaa karibu na mlango anachambua karanga huku akiniangalia ninavyoandika. Anajua barua hii ni ya kwako. Nimemwambia, na yeye akanijibu. Huko ndiko tunakoelekea, lakini tufike taratibu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kaka, nilipiga. Jumapili ulisema yako ukakata. Jumatatu ulikata kabla hata hujasema. Barua ina adabu zaidi: mwenye kuandika humaliza sentensi yake. Naomba tu uisome kuanzia juu. Nakujua, gazeti unaanzia nyuma kwenye mpira. Hii ukianzia nyuma utaichana, halafu hutajua umechana nini.

Salamu zako alizileta Luka, zote tatu, na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusafirisha mbuzi, hakuna hata moja iliyompotea njiani. Ya kwanza, kwamba Mzee Matonya amenitoza faini ya mbuzi jike na debe la pombe, kwa kuwa mtoto niliyemlea aliwaamkia wazee kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni wa posa. Ya pili, kwamba Sila ameacha kukuchungia, amekwenda machimboni, na zizi halina mtu. Ya tatu, kwamba Jumamosi unakuja kumchukua Hana, kwa sababu mji umemharibu, na kuchunga mbuzi hakuhitaji masikio. Luka anasema hilo la mwisho ulipolisema watu walicheka kweli. Nilimuuliza kama na wewe ulicheka. Akasema hakuangalia.

Sasa nisikilize.

Uliponipa Hana, miaka miwili iliyopita, ulisema nimchukue anisaidie kubeba sinia, maana shule ilishamshinda. Shule yenyewe ilikuwa ni kukaa nyuma ya darasa miezi minne, akiangalia mgongo wa mwalimu, mpaka mwalimu akakuita akakwambia huyu ni mzito. Nikamchukua. Nilikuwa na sababu zangu za kumchukua, nitakueleza. Tukawa tunauza zabibu wakati wa zabibu na karanga wakati usio wa zabibu, na Jumapili mchana, watu wakitoka makanisani, tunakwenda kwenye ile bustani ya katikati ya mji, wanakokwenda kupiga picha na kula vitu vidogo vidogo.

Pale bustanini kuna kona yenye kuta fupi za saruji, watu huzikalia kama viti. Jumapili ya kwanza tuliwakuta vijana kama kumi hivi, wanawake na wanaume, wanarushiana mikono. Hakuna sauti. Mmoja anachora hewani, mwingine anajipiga kifuani, wa tatu anaanguka kwa kicheko kisichotoka nje. Nitakwambia ukweli nilichofikiri, kwa sababu ungefikiri hivyo hivyo: nilifikiri ni wezi wanapeana ishara. Nikavuta sinia langu karibu na magoti.

Kisha nikamwangalia Hana. Alikuwa amesahau kufunga karanga. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye makovu ya moto mikononi, alikuwa anaigiza mlinzi wa pale: kofia inashuka, kichwa kinaangukia kifuani, mtu anapita, mlinzi anashtuka anapiga saluti kwa mti. Hana akacheka. Kaka, nimeishi na mtoto huyu, nilishamwona akicheka akitekenywa, akicheka mbuzi akianguka. Sikuwahi kumwona akicheka kwa sababu mtu amemsimulia jambo. Nikajua pale pale kwamba huyu si debe tupu kama tulivyozoea kusema. Ni debe ambalo hakuna aliyewahi kulimiminia kitu.

Basi nikaanza kuiba. Unajua mimi niliishia darasa la saba, lakini kila gazeti ninalofungia karanga nalisoma kwanza, ndiyo maana wateja wangu hungoja. Nikasema kama nimejifunza mambo ya mahakama na ya nyuki kwenye vipande vya magazeti, mikono ya watu kumi hainishindi. Kila Jumapili nikawa naweka sinia kwenye ukuta unaowakabili, macho kwa macho, nauza huku nanakili. Anachofanya yule nikakifanya chini ya kanga. Nikirudi nyumbani namfanyia Hana. La kwanza kupata lilikuwa maji, kwa sababu waliomba maji. La pili chakula. La tatu uongo, kwa kuwa ndilo walilolitumia kuliko yote, hasa wakimzungumzia mmoja wao aliyekuwa anachumbia. Kwa hiyo mwanao alijua kumwita mtu mwongo kabla hajajua kuomba chumvi, na kwa maisha ya Kizota mpangilio huo si mbaya.

Mama mwenye nyumba alituchungulia siku moja akatukuta tumekaa chumbani tunarushiana mikono bila neno. Akanivuta uani akaniuliza, mwanangu Devota, hizo ni dawa za nani? Nikamwambia ni shule. Akasema shule gani isiyo na kelele. Alikuwa na hoja yake, nikamwacha nayo.

Wiki ya saba nilikamatwa. Yule mwenye makovu aliinuka ukutani akanijia moja kwa moja, akachukua karanga, akalipa, kisha akaandika kwenye simu yake akanionyesha: "Wewe ni mwizi. Tumekuona tangu mwezi uliopita." Nilitamani ardhi ipasuke. Akaandika tena: "Tena mwizi mbaya. Umeiba kinyumenyume." Halafu akawageukia wenzake akaniigiza: mikono chini ya kanga, shingo imenyooka kama kuku anayesikia mwewe. Ukuta mzima ukavunjika mbavu. Hana naye alicheka, msaliti yule.

Huyo anaitwa Swalihu. Ni fundi wa kuchomelea mageti hapa hapa Kizota, na watu humpenda kwa sababu hata ukibishana bei anaendelea na kazi. Yeye na dada mmoja mshonaji, Khairat, ndio walionieleza kosa langu. Nilikuwa nimekaa mbele yao, nikawaiga kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Mkono wao wa kulia ulikuwa upande wa kushoto kwangu. Kwa hiyo kila nilichojifunza nilikijifunza kwa mkono wa kushoto, na nikampa Hana vile vile, maneno mia na zaidi, yote kwa kushoto.

Nilijisikia kama mtu aliyemnyonyesha mtoto maziwa ya kopo lisilo lake. Nikawaomba msamaha. Khairat akanishika mkono wa kulia akautikisa, akanipiga kofi dogo la kushoto, kisha akamfanyia Hana kwa mikono: unaitwa nani? Hana hakuwa na jina la mikono, sikujua kama watu hupeana. Wakakaa kikao. Wakamwangalia, wakaangalia sinia, na Khairat akaweka vidole viwili karibu na shavu lake kana kwamba anachuma zabibu moja kutoka kwenye kichala. Hilo ndilo jina la mwanao, kaka. Siku hiyo kila mmoja alimwita kwa hilo jina kwa zamu, na kila alipoitwa aligeuka na kujigusa kifua, mimi? Alikuwa na miaka minane na nusu. Sisi tuliokuwa tunamrushia kijiwe mgongoni ili ageuke, tulimpa jina la kwenye cheti tu.

Baadaye nilijaribu kumhamishia mkono wa kulia. Alikataa. Swalihu akaandika: "Mwache. Wapo wanaotumia kushoto tangu kuzaliwa, tunaelewana nao vizuri. Anayesikiliza kwa macho hachagui mkono." Nikamwacha. Mimi mwenyewe nilihama, na mpaka leo nikichoka narudi kushoto, nao hunicheka.

Sasa turudi kwenye posa ya binamu yetu. Hana alijiandaa wiki nzima. Aliniuliza wazee watakuwa wangapi, na nani ni nani. Walipokwisha kukaa akatoka katikati, akapiga goti kama alivyofundishwa na mama yake, akawaamkia kwa mkono wake. Mzee Matonya akaruka kama amemwagiwa uji: mkono gani huo! Huyu mtoto anatutupia mkono wa chooni mbele ya wakwe! Na nyote mkaanza kuguna. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto amesema nini. Wewe uliangalia chini. Basi nakwambia leo, ingawa hukuuliza. Alisema: "Shikamooni babu zangu. Mimi ni Hana. Baba yangu ni yule pale, Stanley." Akakuonyesha. Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako.

Kwa hiyo, kuhusu mbuzi wa faini: simtoi. Wala debe. Mwambie Mzee Matonya kwa heshima zote, shikamoo yake ipo pale pale na nitampigia goti nikimwona. Lakini mkono wa kulia wa Hana ulikaa kimya miaka yote ile na hakuna kikao kilichoutoza faini. Leo wa kushoto umesema neno moja la adabu ndiyo sheria imeamka? Kama kuna wa kulipa kwa kukaa upande usiofaa, ni mimi niliyekaa ukuta usio wangu. Na mimi sioni kosa. Naona mtoto aliyewaamkia watu na watu hawakuitikia. Kwetu, huko tulikolelewa mimi na wewe, asiyeitikia shikamoo ndiye alikuwa na kesi.

Na kuhusu Jumamosi: kuja uje, ugali utaukuta. Hana hutamchukua.

Mwezi wa kumi nilimpeleka kwenye shule ya watoto viziwi. Khairat alinisindikiza. Mkuu wa shule hakuzungumza na mimi hata kidogo, aliniweka kwenye benchi kama mzigo, akazungumza na Hana. Dakika arobaini. Nilikuwa napata neno moja katika matatu, wanakwenda kasi. Nikaona zabibu, nikaona mbuzi, nikaona mama. Mwishowe akanigeukia akasema kwa mdomo, mtoto huyu ana akili nzuri na mdomo mrefu, kidogo tu anatumia sana neno mwongo. Amepewa nafasi ya bweni. Ataanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi, na wapo wakubwa kuliko yeye. Shule inafunguliwa Jumatatu ya tarehe 13 Januari. Fomu inasema mzazi au mlezi. Nimesaini mlezi. Nafasi ya mzazi iko wazi bado, lakini haingojewi.

Nimefika sasa mahali nilipokuwa napazunguka tangu shikamoo.

Fomu ile ina ukurasa wa daktari. Daktari aliniuliza Hana alipoteza masikio lini na kwa ugonjwa gani. Nikasema homa, Machi 2018, akikaribia miaka minne. Akaniuliza homa ilianza siku gani, na mtoto alifikishwa zahanati siku gani, na nani alikuwa naye. Kaka, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa nimeshadanganya watu wengi kwa miaka sita, lakini karatasi ile ni ya Hana, ataisoma siku moja. Nikasema kweli. Na kwa kuwa sasa imeandikwa, ni haki uisikie kwangu kabla hujaisikia kwingine.

Wewe na wifi mlikwenda Mpwapwa kwenye msiba wa mjomba wake, siku tatu, mkaniachia Hana ana joto. Wifi aliniambia, kama hadi asubuhi haijashuka mpeleke zahanati. Niliwaambia mliporudi kwamba nilimpeleka asubuhi ile ile. Sikumpeleka. Yalikuwa mavuno ya zabibu, mashamba ya ng'ambo ya barabara yalitaka vibarua, na nilikuwa na miaka ishirini na hamu ya viatu. Nilimbeba nikamlaza mwisho wa mstari, kwenye kivuli cha mizabibu, na kanga iliyoloweshwa maji kichwani. Nilichuma siku ile na siku iliyofuata. Kila nikimaliza mstari nilimgusa, nikajiambia imeshuka. Siku ya tatu akapatwa na degedege, ndipo nikakimbia. Zahanati wakasema ni homa ya uti wa mgongo, wakamkimbiza hospitali. Alipona, masikio yakabaki huko. Viatu nilivinunua. Nilivivaa mara moja.

Kisha watu wakaanza kutafuta mkono wa mtu, wakaupata wa Tereza, jirani yetu, kwa sababu alimpa Hana uji wiki ile, na kwa sababu ni mjane, hana wa kumtetea. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa pale pale ukitamka jina lake na nikanyamaza, nikaona afadhali yeye kuliko mimi. Mpaka leo pombe yake hainunuliwi na watoto wakipita kwake wanakimbia. Tereza hakumroga mtu, kaka. Alimpa mtoto uji, na ule uji ndio chakula pekee Hana alichokila siku hizo tatu.

Nilimuuliza daktari kama ningewahi masikio yangepona. Akasema huenda yangepona, huenda yasingepona. Ni mtu mwema, alinitandikia mkeka. Siukalii.

Hii ndiyo sababu nilikubali upesi uliponipa Hana abebe sinia, na hii ndiyo iliyonikalisha kwenye ule ukuta wiki saba kama mwizi. Sasa una silaha. Unaweza kusimama mbele ya ukoo ukasema Devota ndiye aliyemfanya mtoto kiziwi, hana haki ya kusema lolote juu yake. Sema. Sitabisha. Niite kwenye kikao, nitakuja kwa miguu yangu, na faini ya hilo nitailipa bila kuombwa punguzo. Lakini deni ni langu, si lake. Usimpeleke zizini kulipa kosa langu. Alishalipa mara moja.

Na usifikirie kuikunja barua hii ukaisahau mfukoni. Luka amebeba mbili. Ya pili ni ya mama Tereza, na kwa kuwa macho yake si mazuri, nimemwomba Luka amsomee uwanjani, kwa sauti, siku ambayo watu wapo. Yako nimemwomba aifikishe kwanza. Umenitangulia kuzaliwa, nimekuheshimu kwa nusu siku.

Kwa Hana pia nimeshasema. Ilinichukua Jumapili mbili kutafuta namna ya kuyasema kwa mikono, maana mikononi huwezi kuweka maneno ya kuzungukazunguka. Akauliza viatu vilikuwa rangi gani. Nikasema vyekundu. Hakusema nami siku mbili, alinigeuzia mgongo, na kwa mtu wa aina yake huko ndiko kufunga mlango kabisa. Siku ya tatu aliniamsha akaniambia maji yameisha ndooni. Tumeanzia hapo.

Kwa hiyo, kaka, Jumamosi njoo, ulale, na Jumapili twende bustanini. Watakuwepo. Swalihu atakuigiza kabla hujakaa, jiandae, macho yake hayasamehe. Utaona ukuta unaowakabili uko wazi na utavutiwa nao, kwa kuwa ni rahisi kukaa kule ukatazama watu kama sinema. Nilikaa kule. Wewe kaa upande wao, kando ya Hana, bega kwa bega, ili mkono wake ukisogea na wako ujue unakokwenda.

Nisalimie wifi Evelina, mwambie nitamwomba msamaha uso kwa uso na si kwa karatasi. Nisalimie watoto. Wazee wote wa hapo nawaamkia, mbukwenyi, Mzee Matonya akiwemo.

Ni mimi mdogo wako asiyerudi nyuma,
Devota

Hapa chini ni mwandiko wa Hana, usimlaumu Luka. Herufi nimemfundisha mimi, lakini ameandika mwenyewe, kwa mkono ule ule:

BABA SHIKAMOO. MIMI HANA. NIITIKIE.